Bibi Bustani Anajibu: Dracena yenye kiu juu ya bwawa

*Shikamoo Bibi Bustani. Nina dracena sebuleni, ile ya majani marefu ya kijani yenye mstari wa manjano katikati. Ilikuwa inapendeza hadi wageni waliigusa kuhakikisha kama si ya plastiki. Sasa ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, na majani mawili ya chini yamegeuka manjano yakalegea. Ninamwagilia kikombe kimoja kila asubuhi bila kukosa, jioni ninapulizia majani maji, na kila wiki mbili ninatia mbolea ya maji. Nilipoona bado ina kiu nikaongeza kikombe cha pili. Maji ni ya bomba, ila ninayachemsha na kuyapoza kwanza. Juu ya udongo pamefanya ukoko mweupe. Ncha nimezikata mara kadhaa, ukahawia unarudi palepale. Chungu chake cha plastiki nimekitumbukiza ndani ya kingine kizuri cha kuchorwa, kisicho na tundu. Niongeze nini?*
*Mkulima wa Sebuleni*

Marahaba mwanangu. Usiongeze kitu chochote. Mmea wako umeshaongezewa vya kutosha.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda ukainue hicho chungu cha plastiki, uchungulie ndani ya kile cha kuchorwa. Sitashangaa ukikuta maji yamesimama humo. Yamwage. Vyungu visivyo na tundu ni vya kupendezesha tu, na mmea uingie humo ukiwa umeshachuruzika maji yote.

Sasa tuzungumze. Picha uliyoituma nimeikuza nikaangalia jani la tatu kutoka chini. Ncha ni kahawia, kavu, ukiikunja itavunjika. Kati ya ukahawia na ukijani kuna ukanda mwembamba wa manjano. Majani machanga ya juu ni mazima kabisa. Yale mawili ya chini, kwa maelezo yako, si makavu bali yamelegea. Basi una matatizo mawili kwenye chungu kimoja, na yote mawili yametoka kwenye kikombe chako.

La kwanza ni chumvi. Ule ukoko mweupe ni mabaki ya mbolea na madini ya maji. Maji hupanda kutoka kwenye mizizi hadi kwenye majani, yanafuka hewani, na madini yaliyoyeyuka ndani yake hayana pa kwenda. Yanarundikana mwisho wa safari, yaani kwenye ncha na kingo za jani, mpaka sehemu ile inaungua. Majani yaliyokaa muda mrefu yamepokea mengi zaidi, ndiyo maana machanga bado yanapeta. Na dracena ina udhaifu wake: floraidi ikiwamo kwenye maji, hata kidogo, ncha zake huumia mapema kuliko za mimea mingi. Kuyachemsha hakusaidii hapo. Klorini itatoka, floraidi itabaki, na kwa kuwa maji yamepungua sufuriani, floraidi iliyobaki imekolea zaidi. Maji ya mvua ndiyo dawa, ukiyapata. Usipoyapata, yale ya bomba bila kuchemsha ni afadhali.

La pili ni mizizi kukosa hewa, na hili ndilo linaloweza kuua mmea. Katikati ya chembe za udongo kuna nafasi za hewa. Maji yakizijaza siku zote, mizizi inakosa pumzi, inakufa, kisha inaoza. Mzizi uliooza haunyonyi maji. Kwa hiyo jani linakauka kwa kiu ilhali chini kuna bwawa, na mwenye mmea akiuona ukavu ule anaenda kuchota kikombe kingine. Barua za namna hii ninazipokea kwa wingi, na karibu zote huanza kwa "ninamwagilia kila siku bila kukosa", kana kwamba hiyo ni sifa.

Huwezi kujua mizizi imefikia wapi kwa kuangalia majani. Itoe. Tandika gazeti, laza chungu ubavu, kibonyezebonyeze pande zote, kisha shika shina karibu na udongo na uuvute mmea taratibu pamoja na donge lake. Nusa kwanza. Udongo mzima unanuka udongo tu, uliooza utaujua. Halafu chagua mzizi mmoja uubane kwa vidole viwili na kuuvuta. Mzizi mzima ni mgumu, unakataa. Uliooza unavua gamba lake kama soksi, na mkononi unabaki na uzi mwembamba wa katikati. Angalizo moja hapa: mizizi ya dracena ikiwa na afya huelekea rangi ya chungwa au manjano. Kuna watu wameikata yote wakidhani imeoza kwa sababu walisoma mahali kwamba mzizi mzima lazima uwe mweupe. Amini vidole kuliko rangi.

Ukikuta mizizi mingi ni migumu, rudisha mmea wako chunguni, ukwangue ule ukoko mweupe pamoja na udongo kidogo wa juu, kisha uuoshe udongo. Peleka chungu bafuni au nje, mimina maji polepole juu ya udongo, yapite na kutoka chini. Kipimo ni maji yenye ujazo mara mbili ya chungu: chungu cha lita 3, maji lita 6. Acha kichuruzike mpaka kiache kudondoka ndipo ukirudishe mahali pake. Kisahani cha chini kiwe tupu.

Ukikuta mingi imeoza, usioshe. Udongo huo umeshalowa kupita kiasi. Kata kila kilicholainika kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, tupa udongo wa zamani, panda upya kwenye udongo mwepesi unaopitisha maji. Chungu kiwe cha kutosha mizizi iliyobaki na si zaidi. Chungu kikubwa mno kinabeba udongo mwingi usio na mzizi wa kuunyonya, nao unakaa na maji wiki nzima. Na tafadhali usipange kokoto chini eti maji yatoke vizuri. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ule wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo utakuwa umelipandisha tope karibu zaidi na mizizi.

Kuanzia hapo, sahau asubuhi na jioni. Zamisha kidole mpaka kiungo cha pili. Ukihisi ubichi, ondoka. Kwa dracena mimi hungoja nusu ya juu ya udongo ikauke, na kijiti kikavu kilichochomekwa ndani kwa dakika chache kinaniambia ukweli kikitoka: udongo umeng'ang'ania au haukung'ang'ania. Ukifika wakati wa kumwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Vikombe vya kudondosha kila siku haviisuuzi chumvi, vinaiongeza. Mbolea isimame mpaka uone jani jipya, kisha urudi kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi, tena wakati mmea unakua tu. Kupulizia majani acha, au endelea kama kunakufurahisha. Unyevu wake unapotea kwa dakika chache.

Kuhusu kukata ncha: jani lililokufa halifufuki, kwa hiyo unakata kwa ajili ya macho yako, si kwa ajili ya mmea. Ukikata, fuata umbo la jani lenyewe, mshazari pande zote mbili, na uache ukingo mwembamba wa kahawia kama unene wa uzi. Wewe umekuwa ukikata ndani ya kijani, na kidonda kile kinapokauka kinakuwa ncha mpya ya kahawia. Yale mawili ya chini yang'oe.

*Bibi, krotoni yangu imepauka. Majani yana vidoadoa vidogo sana, baadaye yanakuwa kahawia na kudondoka. Nimefuta vumbi lakini linarudi. Nimepuliza dawa ya wadudu ya nyumbani mara mbili, hali imezidi.*
*Baba Krotoni*

Baba Krotoni, hilo "vumbi" linatembea. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, lipigepige, subiri kidogo. Ukiona vinukta vinavyosogea, ni utitiri mwekundu. Angalia pia pale kikonyo kinapokutana na shina, utaona utando mwembamba. Wanakaa upande wa chini wa jani wakifyonza seli moja moja, na kila doa lililopauka ni mlo wao mmoja.

Dawa yako imeshindwa kwa sababu utitiri si mdudu. Ana miguu minane, ni wa ukoo wa buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimgusi. Zinawaua wanaomla, basi. Peleka mmea bafuni, funika udongo kwa mfuko, osha majani kwa maji yenye nguvu, hasa chini. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja kwanza, kesho yake kama halijadhurika paka yote pande mbili, jua likiwa halipo, na usuuze baadaye. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu, maana mayai hayafi kwa sabuni. Mmea huo ukae mbali na mingine. Utitiri hupenda joto na hewa kavu, kwa hiyo uondoe pia mbele ya feni au kiyoyozi.

*Mmea wangu wa maua meupe nimeusogeza dirishani ili uchanue. Ndani ya wiki moja majani yametoka mabaka makubwa, kwanza meupe, sasa kahawia na membamba kama karatasi. Je, ni ugonjwa? Niutupe?*
*Mwenye Haraka*

Mabaka yapo upande wa dirisha tu? Basi ni jua. Mmea wako huo, spathifilamu, kwa asili huishi kivulini chini ya miti mikubwa, na jua la moja kwa moja linalichoma jani lake. Urudishe nyuma kama mita moja, au weka pazia jepesi. Kama bado una shaka, chukua kalamu, zungushia mstari ukingo wa baka moja na uandike tarehe pembeni, kwenye jani lenyewe. Baka la jua litabaki ndani ya mstari. Likiuvuka, au likianza kuwa na maji na duara la manjano, kata jani hilo na uniandikie tena, safari hii na picha.