Rangi za Kuku: Mfugaji Anauliza

Barua za safari hii karibu zote ni za rangi. Nimechagua tano.

Jogoo wangu ni mweusi tii, mitetea ni wa milia nyeusi na nyeupe, Plymouth Rock. Vifaranga wametoka weusi, ila baadhi wana doa jeupe utosini. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa, ndugu yangu, umebahatika. Wenye doa ni madume, wasio na doa ni majike. Kinasaba cha milia, yaani kile kinachorithisha milia, kimo kwenye kromosomu Z, uzi wa urithi unaohusika pia na jinsia ya kuku. Jogoo anazo Z mbili. Jike anayo moja tu, na hiyo huwapa watoto wa kiume peke yao. Binti hurithi Z ya baba, na baba mwenyewe hana mlia hata mmoja.

Watazame siku ya kwanza, wakishakauka. Doa halina ukingo, liko kama tone la maziwa lililosambaa kichwani. Ukipitwa na siku hiyo usihangaike: wakiota manyoya, pora watakuwa na milia na mitetea watabaki weusi. Ila usiwageuze wazazi. Jogoo halisi wa milia akipanda koo weusi, watoto wote wanatoka na milia, na doa wanalo wote. Wala usiwapandishe hao vifaranga wenyewe kwa wenyewe wakikua ukitegemea doa tena. Kizazi cha pili, doa utalikuta kwa majike na madume vilevile.

Nimeuziwa vifaranga wa mayai, wote wa rangi ya kahawia. Muuzaji anaapa ni mitetea watupu. Kajuaje?

Ni hesabu ileile ya Z, safari hii kwa wekundu na weupe. Jogoo wa Rhode Island Red akipanda koo wa Rhode Island White, vifaranga wa kiume hutoka na rangi ya njano iliyofifia, wa kike kahawia. Ukiwazalisha hao nyumbani, rangi haitakutenganishia tena.

Jogoo mweusi, koo mweusi, kifaranga mweupe! Mume wangu anamshuku jogoo wa jirani.

Mama, huenda jogoo wa jirani anasingiziwa. Upo weupe unaojificha: mzazi anaubeba bila kuuonyesha, na wakikutana wawili wanaoubeba, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne hutoka mweupe. Lakini nisimsafishe kabisa huyo jogoo. Koo huhifadhi mbegu mwilini, hivyo anaweza kutaga mayai yaliyorutubishwa na jogoo aliyeachana naye wiki mbili zilizopita, hata zaidi. Ukitaka kujua baba ni nani, mfungie na jogoo wako wiki tatu ndipo uanze kukusanya mayai ya kutotolesha.

Nimenunua jogoo na koo wa kijivu cha moshi. Nataka banda zima liwe la kijivu.

Kwa hao wawili hutafika. Nusu ya watoto watakuwa kijivu, robo weusi, na robo nyingine weupe waliochafuka kwa mabaka ya kijivu. Hawa wa mwisho watu huwachinja kwa kuwaona wameharibika, nami huumia, maana ndio wa kutunza! Mpandishe huyo wa mabaka na mweusi, watoto wote watakuwa kijivu. Wanasayansi wa urithi Bateson na Punnett waliyachunguza haya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuku wa Andalusia.

Kidimu, yule wa manyoya yaliyopinda, naye ni hivyohivyo. Kidimu kwa kidimu hukupa robo ya vifaranga wenye manyoya yanayokatika hadi ngozi ikabaki wazi. Mpe mwenzi wa manyoya ya kawaida.

Mwekundu na mweupe, nani hutaga zaidi?

Rangi haitagi. Leghorn mweupe ni miongoni mwa watagaji wakubwa kabisa duniani. Kwa anayefuga huria, mweupe namwonea shaka kwa jambo moja tu: mwewe humwona toka mbali.