Kibali cha ukaazi kwa mwalimu Mkenya anayehamia Arusha

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuanza kufundisha Arusha huku ukisubiri kibali. Hapana: muhuri wa mgeni utakaogongewa mpakani Namanga haukuruhusu kufanya kazi hata siku moja, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Kwa kuwa umeajiriwa, linalokuhusu ni Daraja B la kibali cha ukaazi. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, na C ni la wanafunzi, watafiti na wamisionari. Shule ndiyo inayopaswa kukuombea kwanza kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, ikiambatisha mkataba, vyeti na wasifu wako, kisha Idara ya Uhamiaji ishughulikie ukaazi. Nakusihi usiache ajira yako ya Nairobi kabla vibali vyote viwili havijatoka.