Jibu: Je, kuogopa ni kukosa imani?
Dada, umeuliza kama hofu ya kufukuzwa dukani Kariakoo, ukikataa kupiga risiti ya laki moja kwa mzigo wa laki tano, ni imani haba. Hapana. Paulo aliwaambia Wakorintho wazi kwamba alifika kwao na hofu na kutetemeka kwingi, na bado akahubiri. Daudi naye, Wafilisti walipomkamata Gathi, hakuificha hofu yake mbele za Mungu: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe" (Zaburi 56:3). Wanaokemea kila hofu kama pepo wanakuchosha bure tu, samahani kwa ukali. Omba, kisha mwambie bosi kwa heshima: "Hiyo sipigi." Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Na anza kuulizia kazi Mtaa wa Msimbazi mapema.