Swali la lugha: "Fundi akikalafati" au "fundi anakalafati"?

Swali: Natengeneza masimulizi ya picha mnato na sauti kuhusu mafundi wa majahazi wa Nungwi, Unguja. Chini ya picha moja nimeandika "Fundi akikalafati jahazi", yaani akishindilia pamba kati ya mbao kwa nyundo ili maji yasiingie. Maneno hayohayo nikiyarekodi, yanasikika kama sentensi haijaisha. Niyabadili?

Jibu: Yaache kwenye maandishi, yabadili kwenye sauti. Sikio lako halikukosea.

Hii -ki- si ile ya sharti ya "ukija nitakupa". Ni ya tendo linaloendelea, na kwa kawaida huegemea kitenzi kingine: "nilimwona akipiga nyundo", "nilimsikia akiimba". Magazeti huandika "Waziri akihutubia wananchi" na msomaji hapungukiwi kitu, maana picha iliyo juu ya maneno imeshika nafasi ya "anaonekana". Sauti peke yake haina egemeo hilo. Msikilizaji akiambiwa "fundi akikalafati jahazi", anangoja aambiwe kilichofuata, na wakati huo picha imeshapita.

Unaporekodi, basi, sema "Fundi anakalafati jahazi", au taja kitenzi kinachokosekana: "Unamsikia fundi akishindilia pamba kati ya mbao." Mimi napendelea hii ya pili pale nyundo zinaposikika kweli. Ziache peke yake sekunde mbili au tatu, kisha zipunguze bila kuzikata, ndipo msimulizi aingie. Kwa hiyo rekodi nyundo mfululizo kwa dakika moja hivi bila mtu kuzungumza karibu. Vipande vifupi vikiunganishwa, maungio husikika.

Angalia vitenzi vya silabi moja unapohama kutoka maandishi kwenda sauti: "akinywa chai" inakuwa "anakunywa chai". "Akikunywa" si sanifu.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni la vitenzi vya hali: kaa, simama, lala, vaa. "Fundi akikaa juu ya gogo" maana yake ndiyo kwanza anajishusha. Kama picha inamwonyesha ametulia, andika "Fundi akiwa amekaa juu ya gogo". Kwenye sauti, "Fundi amekaa". Vivyo hivyo "akivaa kofia" ni yule mwenye kofia mkononi, anaipeleka kichwani.

Jambo la mwisho ni la ukweli kuliko sarufi. -ki- hufunga matendo mawili katika wakati mmoja. Ukisema "unamsikia akishindilia pamba" juu ya picha ya fundi huyo, umedai kwamba mlio ni wake na ni wa kazi ileile. Kama nyundo ulizirekodi siku nyingine, kwa fundi mwingine, iondoe -ki- na useme "Hivi ndivyo kalafati inavyosikika Nungwi."