Mng'ao wa picha za Tingatinga

Ndugu uliyeuliza kwa nini picha za Tingatinga hung'aa kana kwamba zimepakwa vanishi, jibu limo katika rangi yenyewe. Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa mtindo huu wa uchoraji, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, hakutegemea rangi maalumu za wasanii, bali rangi ya mafuta ya madukani, ile inayopakwa kwenye baiskeli, na aliipaka juu ya vibao bapa vya kufunikia dari. Rangi hiyo hukauka polepole, hivyo mikwaruzo ya brashi hupata muda wa kujisawazisha kabla uso haujaganda. Ukiiinamisha picha kidogo kuelekea dirishani, utaona madoa ya chui yametuna juu ya usuli (rangi ya nyuma ya picha), kila doa na ukingo wake. Adha yake ni kwamba mchoraji hulazimika kusubiri usuli ukauke barabara kabla ya kumchora mnyama. Siku hizi wengi huchora kwenye kitambaa kinachoviringishika (ili picha iingie kwa urahisi kwenye masanduku ya watalii), ila rangi ni ileile.