Kabla ya kupima jino, jua ushahidi wako unashika muda gani

Wengi wanaoanza kujifunza akiolojia huku Kanda ya Ziwa hufika Mwanza wakiwa na shauku ya mashine. Wamesikia kwamba unga kidogo wa jino, ukipimwa isotopu za kaboni (atomi za kaboni zinazotofautiana uzito), hueleza chakula cha zamadamu, yaani jamaa wa kale wa binadamu, nao hutamani kupeleka sampuli maabara kabla hawajajua wanauliza nini. Ninachowashauri ni kuanza na jambo ambalo halihitaji mashine: kila aina ya ushahidi hushika kipande chake cha wakati. Mikwaruzo midogo iliyo juu ya jino, ambayo huonekana kwa hadubini, ni ya siku au majuma ya mwisho ya maisha, kwa kuwa mlo mpya hufuta alama za uliotangulia. Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, hujengwa utotoni na haijengwi tena, hivyo kemia yake ni habari ya miaka ile jino lilipokuwa likiundwa, hata kama mwenye jino alikufa mzee. Kolajeni, yaani protini ya mfupa, hubeba wastani wa miaka mingi, lakini katika joto letu huoza mapema, na kwa mabaki ya mamilioni ya miaka msiitegemee. Mfupa wa swala wenye alama za kukatwa kwa jiwe ni habari ya windo moja tu.

Asiyelielewa hili hudhani kwamba mbinu mbili zikitofautiana, mojawapo imekosea. Chukueni mfano wa Paranthropus boisei, zamadamu wa kale wa Afrika Mashariki, ambaye fuvu lake mashuhuri lilipatikana na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Kwa kutazama magego yake makubwa na taya lake zito, watu walihitimisha kwamba alikuwa akivunja kokwa ngumu. Utafiti wa mikwaruzo uliotoka mwaka 2008 haukuona vishimo ambavyo vyakula vigumu huviacha, na vipimo vya kaboni katika enameli, vilivyochapishwa mwaka huo na mwaka 2011 kutokana na meno ya Tanzania na Kenya, vilionyesha kwamba takriban robo tatu ya chakula chake ilitokana na mimea ya kundi la C4 (mimea hugawanywa C3 na C4 kwa jinsi inavyonasa kaboni ya hewani, na tofauti hiyo hubaki katika isotopu). Kundi hilo lina nyasi za nchi za joto, mahindi, mtama na hata mafunjo ya kandokando ya ziwa letu, ilhali miti, vichaka, muhogo, viazi vitamu na mpunga ni kundi la C3. Umbo la taya lilionyesha alichoweza kutafuna, na kemia ikaonyesha alichokula miaka ya utoto wake. Hayo ni maswali mawili.

Hata hivyo kemia nayo ina mpaka. Kaboni pekee haitofautishi mla nyasi na mla nyama ya mnyama aliyekula nyasi, na samaki huongeza utata, kwa sababu kaboni ya ziwani hupita njia tofauti na ile ya nchi kavu. Ndiyo maana kazi zinazofanyika upande wa pili wa ziwa, katika rasi ya Homa nchini Kenya, zina uzito. Kanjera Kusini, kwenye mabaki ya miaka takriban milioni 2, mifupa ya swala wadogo ina alama za kukatwa, na makali ya zana za mawe yanaonyesha zilitumika pia kwenye mimea, pamoja na viazi vya ardhini. Nyayanga, ambako matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023, kuna mifupa ya viboko waliochunwa kwa zana za mawe, na magego ya Paranthropus yamepatikana papo hapo. Ni nani hasa aliyewachuna, zana zenyewe hazisemi.

Kwa wale watakaoshughulika na wavuvi wa miaka elfu chache iliyopita, nendeni soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mkajenge mkusanyo wa mifupa ya kulinganishia. Huko mtaona kwamba kichwa cha kambare na bamba za meno za kamongo ni vigumu na hudumu, wakati dagaa huliwa mzima na karibu haachi kitu. Kwa hiyo wingi wa kambare katika tabaka la udongo haumaanishi kwamba dagaa hakuliwa. Sangara aliletwa ziwani katika karne ya 20, hivyo mfupa wake ukitokea katika tabaka la miaka 3,000 ufukweni hapa, tabaka hilo limevurugwa.

Wanga nao una mtego wa namna hiyo. Msioshe zana ya jiwe mnayotaka kuitafutia chembe za wanga, na msiishike kwa mikono iliyotoka kula. Mahindi na muhogo asili yake ni bara la Amerika, hivyo chembe zake kwenye jiwe la kale zimetoka kambini kwenu. Wekeni sampuli ya kila unga unaopikwa jikoni pamoja na udongo uliolizunguka jiwe, ili maabara ipate cha kulinganishia.