Kudai Fidia ya Maradhi ya Wasiwasi Baada ya Jeshi: Kazi ya Familia

Maradhi ya wasiwasi yana tabia inayoyatofautisha na goti bovu au mgongo unaouma, nayo ni kumzuia mgonjwa kufanya yale ambayo yangemletea nafuu. Askari wa zamani mwenye maradhi haya huogopa simu isiyojulikana inatoka wapi, huogopa bahasha ya serikali, huogopa ukumbi uliojaa watu wanaosubiri kuitwa. Na utaratibu wa kudai fidia ya ulemavu nchini Marekani umejaa simu, bahasha na kumbi za aina hiyo. Mume wangu alitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani na kupelekwa Afghanistan, na aliporudi hakuwa tena mtu wa kulala usiku kucha wala wa kukaa akiupa mlango mgongo. Ninayoyaandika hapa yanatokana na yale tuliyopitia tulipokuwa tukidai haki yake, na ninawaandikia hasa wake, waume, wazazi na watoto wa askari hao, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba dai la namna hii halifai kuachiwa mgonjwa peke yake.

Kabla ya kukusanya hata karatasi moja, wasilisheni notisi ya nia ya kudai, yaani fomu 21-0966 ya Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, ambayo kila mtu huiita VA. Notisi hiyo hutolewa kwa mtandao, kwa posta au kwa simu, na huwapa mwaka mmoja wa kukamilisha dai lenyewe kwa fomu 21-526EZ. Dai likikubaliwa, malipo kwa kawaida huweza kuhesabiwa tangu tarehe ya notisi. Mwaka huo ni muhimu mno kwa mtu ambaye wiki nzima inaweza kupita kabla hajathubutu kufungua ukurasa wa fomu. Aliyetoka jeshini karibuni ana sababu ya ziada ya kuharakisha, kwa kuwa dai linalofika ndani ya mwaka mmoja tangu kuachiliwa linaweza kulipwa kuanzia siku inayofuata siku aliyoachiliwa.

Dai lenyewe husimama juu ya mambo matatu: utambuzi wa ugonjwa uliopo sasa, tukio au hali iliyotokea wakati wa utumishi, na maoni ya kitabibu yanayounganisha hivyo viwili. Uhakika kamili hautakiwi. Sheria inasema kwamba ushahidi wa pande zote ukilingana, askari ndiye anayepewa faida ya shaka, ndiyo maana barua ya daktari inatosha kusema kuwa uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi haupungui nusu kwa nusu. Wala si lazima awe amepigana vitani, kwani wasiwasi unaweza kuwa ulianza kambini, mafunzoni au baada ya ajali, au ukawa umezaliwa na ulemavu mwingine ambao VA imekwisha kuukubali, kama maumivu ya kudumu au masikio yanayovuma bila kukoma.

Mume wangu aliandika kwenye fomu yake kwamba ana PTSD, yaani maradhi ya kiwewe, lakini mchunguzi aliyepangwa na VA kumpima akaona kwamba vigezo vyake havikutimia na kwamba alichonacho ni maradhi ya wasiwasi wa jumla. Alirudi nyumbani akiamini kila kitu kimeharibika. Haikuwa hivyo. Tangu hukumu ya mwaka 2009 katika kesi ya Clemons dhidi ya Shinseki, VA haitakiwi kulifunga dai kwa sababu tu askari ametaja jina tofauti la ugonjwa wa akili. Askari si daktari, anachodai ni dalili zinazomtesa, jina lolote atakalozipa. Vilevile maradhi ya akili mara nyingi hupewa kiwango kimoja tu cha ulemavu kwa pamoja, kwa hiyo hakuna haja ya kugombana juu ya jina.

Kinachopimwa hasa ni kiasi ambacho ugonjwa umeharibu kazi na mahusiano ya mtu. Viwango ni asilimia 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Miongoni mwa mifano ya asilimia 30 kuna mashambulizi ya hofu yanayotokea mara moja kwa wiki au chini ya hapo. Yakizidi mara moja kwa wiki yanatajwa kwenye asilimia 50. Na hofu inayokaribia kutokoma, kiasi cha mtu kushindwa kujitegemea, imo kwenye asilimia 70. Hiyo ni mifano tu, na tangu kesi ya Mauerhan ya mwaka 2002 imekuwa wazi kwamba askari halazimiki kuwa na kila dalili iliyoorodheshwa. Kwa viwango vya mwaka 2025, asilimia 10 ililipa dola 175.51 kwa mwezi, na asilimia 100 ilimlipa asiye na wategemezi dola 3,831.30. Pesa hizo hazikatwi kodi ya mapato, na kuanzia asilimia 30 huongezwa kwa ajili ya mke au mume na watoto.

Hapa ndipo madai mengi yanapodhoofika. Sisi tuliolelewa katika Kiswahili tukiulizwa hali hujibu "nzuri" hata tukiwa na homa, na jeshi nalo humfundisha mtu kutolalamika. Askari wa aina hiyo akiingia kwenye uchunguzi wa madai, ule wanaouita C&P, akaulizwa anaendeleaje, atasema anaendelea vizuri, na jibu hilo litaandikwa kama lilivyo. Mchunguzi hakuja kumtibu. Ana muda mfupi, naye huandika anachosikia na anachoona. Kwa hiyo, wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, nilianza kuandika kwenye daftari: usiku aliozunguka nyumba akikagua madirisha, siku aliyoacha toroli lililojaa vitu katikati ya duka akakimbilia garini, zamu alizokosa kazini kwa sababu mlio wa kengele za ghala ulimfanya ashindwe kupumua. Tuliyasoma pamoja kabla ya kwenda, ili aweze kuzieleza siku zake mbaya kwa ukweli uleule anaozieleza nazo siku nzuri. Msiongeze chumvi hata kidogo. Kutia chumvi hugundulika, na huharibu imani ya msomaji katika yale yaliyo ya kweli.

Kutokana na daftari hilo niliandika ushahidi wangu kwenye fomu 21-10210. Mtu asiye daktari hawezi kutoa utambuzi wa ugonjwa, lakini ana haki ya kueleza aliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yake. Badala ya kuandika kwamba ana wasiwasi mwingi, andika ni nini hasa alifanya, mara ngapi kwa mwezi, tangu lini, na alikuwaje kabla ya kwenda jeshini. Mwenzake wa kikosi aliandika pia, kuhusu mabadiliko aliyoyaona walipokuwa bado pamoja, na ushahidi huo ulijaza pengo la miaka ambayo mimi sikuwapo.

Mpangieni pia mgonjwa mtu wa kufungua barua. Askari akijaza fomu 21-0845, VA inaruhusiwa kuzungumza na mtu aliyemchagua kuhusu dai lake, na hilo lilimwondolea mume wangu mzigo wa simu. Barua ya tarehe ya uchunguzi isipofunguliwa, uchunguzi hukosekana, na dai la mara ya kwanza likaamuliwa kwa karatasi zilizopo tu. Tarehe ikiwa haifai, pigeni simu mapema ibadilishwe.

Uamuzi wa kwanza ulimpa asilimia 30. Tangu Februari 2019 kuna njia tatu za kupinga, na ni salama zaidi kuchukua hatua kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu tarehe ya barua: dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusika, mapitio ya afisa wa ngazi ya juu bila ushahidi mpya, au rufaa kwa Bodi ya Rufaa za Wanajeshi wa Zamani. Sisi tulichagua dai la nyongeza, tukaambatanisha barua ya mtaalamu anayemtibu na maelezo ya msimamizi wake wa kazi, na kiwango kikapanda hadi asilimia 50. Siku barua ya kukataliwa inapofika ni siku ya kuwa karibu naye sana. Hali ikiwa ya hatari, piga 988 kisha ubonyeze 1. Mwanafamilia anaweza kupiga vilevile.

Msimlipe mtu yeyote kwa ajili ya dai la kwanza. Wawakilishi walioidhinishwa wa vyama vya wanajeshi wa zamani kama DAV, American Legion na VFW hufanya kazi hiyo bure, na wakili aliyeidhinishwa huweza kutoza ada baada tu ya uamuzi wa kwanza kutolewa. Inaniuma kuona kampuni zisizoidhinishwa zikiwatoza wagonjwa maelfu ya dola kwa kujaza fomu.

Wengine huahirisha matibabu wakihofu kwamba wakipata nafuu watapunguziwa. Nawasihi msifanye hivyo. Kumbukumbu za matibabu ndizo ushahidi wenye uzito kuliko wote, na vituo vya Vet Center hutoa ushauri nasaha bure na kwa siri kwa waliotumikia kwenye maeneo ya mapigano, pamoja na familia zao. VA ikiita uchunguzi mwingine baadaye, nendeni na daftari lenye kurasa za karibuni. Kiwango hakipunguzwi kwa sababu ya siku moja nzuri, kwani lazima ionekane kwamba maisha na kazi ya kila siku vimeboreka kweli. Na kwa wenzetu wanaofikiria kurudi kuishi Kenya au Tanzania, fidia hii haikomi kwa kuhama. Wapeni VA anwani mpya na akaunti ya benki kabla ya kusafiri.